Nafasi Moja kwa Dawati la Watatu

Hapo zamani, wala si zamani ile ya sungura na fisi, ni zamani ya juzijuzi tu, palikuwa na shule ya sekondari juu kabisa katika milima ya Upare, mahali ambapo ukungu huingia darasani bila kupiga hodi na mwalimu huufukuza kwa daftari. Sogeeni karibu. Na wewe unayejikunja hapo upate usingizi, kaa wima, maana mwisho nitawauliza swali na "sijui" siipokei.

Shule ile ilikuwa na madawati marefu. Kila dawati watu watatu, na kila dawati kitabu kimoja cha hisabati. Jioni ikifika, ugomvi. Huyu anataka kwenda nacho nyumbani, yule anakivuta, wa tatu ameshakificha ndani ya sweta. Mwalimu Kilave, aliyefundisha hisabati shule nzima peke yake mpaka sauti ikamkauka, alichoshwa na kesi hizo. Asubuhi moja akaja na kisu cha jikoni kwake. Akakipasua kila kitabu mafungu matatu, akampa kila mtoto lake.

"Kila mtu asome fungu lake," akasema, "kisha awafundishe wenzake wa dawati. Nani ana swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Kisu kilikuwa bado mkononi.

Sasa tazama dawati la karibu na dirisha. Senkondo, kijana mrefu mwenye miguu ya kukimbilia, alipewa fungu la mwanzo lenye jalada, na humo mlikuwa na uwiano: hiki kwa kile, mbili kwa tatu. Namkunda alipewa fungu la katikati, lile la kubwa kuliko na ndogo kuliko, lenye ile alama ambayo wanafunzi huiita mdomo, kwa kuwa siku zote hufunguka upande wa kilicho kikubwa. Nakijwa akapewa fungu la mwisho, la uwezekano, na nyuma yake kabisa kurasa za majibu ya mazoezi yote.

Hapo Nakijwa akawa mtu. Kila dawati lilikuwa na mwenye majibu wake, lakini darasa zima walimwendea yeye: "Nakijwa, la nne nimepata?" Yeye hakuwapa jibu hivi hivi. Alilichukua jibu, akarudi nalo nyuma mpaka kwenye swali, akatazama kama linaingia. Ikawa ndiyo tabia yake. Wenzake walianza kwenye swali wakaenda mbele, yeye alianza mwisho akarudi.

Lakini tutakayemfuata sisi ni Namkunda, na kumfuata ni kazi, kwa sababu hakuwa mtu wa kutulia. Akikaa, goti linacheza. Akisimama, anakata kucha kwa meno. Alikuwa kidato cha nne, na baba yake alikwisha kumwambia: ukimaliza, kama hakuna shule iliyokuchukua bure, cherehani ya shangazi yako inakungoja. Si kwamba kushona ni kubaya. Shangazi yake alishona vizuri na kuishi vizuri. Ila Namkunda aliitaka hisabati. Aliitaka mpaka ikamkosesha hamu ya kula. Kila alipofikiria cherehani ile, miguu ilitaka kwenda mahali, haijui wapi.

Ndipo siku moja gari likapanda mlima. Akashuka mama mfupi, mnene, mwenye miwani: Mama Mgonja, mkuu wa shule moja ya bweni huko bondeni, shule yenye maabara na vitabu vizima. Hakupoteza muda kwa salamu ndefu.

"Nina nafasi moja," akasema. "Ada, chakula, godoro, vyote juu yetu mpaka mtoto amalize kidato cha sita. Nitaandika swali ubaoni. Dawati litakalolipata kwanza litanipa mtu mmoja. Lakini nawaambia mapema, mvua inakuja na dereva wangu anaiogopa ile barabara yenu. Akipiga honi mara ya pili naondoka, swali limejibiwa au halijajibiwa."

Namkunda alisikia neno "nafasi" akasahau neno "moja". Goti likaanza.

Mama Mgonja akaandika. Mama mkulima ana mfuko wa mbegu za maharage. Kwa kila mbegu nyekundu mbili, kuna nyeupe tatu. Ukichukua mia moja ukatoa mara mbili ya idadi ya mbegu zote, kinachobaki ni kikubwa kuliko ishirini na nne. Mfuko umejaa kadiri masharti hayo yanavyoruhusu. Akitia mkono bila kuangalia, akatoa mbegu moja, akaiweka pembeni, akatoa na ya pili, kuna uwezekano gani zote mbili ziwe nyekundu?

Darasa likaguna. Madawati yote yakainama. Dawati la dirishani liliinama pungufu, maana pale pa Nakijwa palikuwa wazi. Tangu wiki iliyopita hakuja. Ulikuwa msimu wa kuvuna tangawizi, mama yake hana mtu mwingine, na watu walisema Nakijwa mwenyewe ametamka kwamba shule basi.

"Tuanze hivyo hivyo," Namkunda akasema, na kalamu ilikuwa imekwisha kukimbia. Maneno yale marefu ya ubaoni aliyageuza yakawa mstari mmoja mfupi, na darasani mle hakuna mwingine aliyeweza kufanya hivyo upesi vile. Mbegu zote akaziita n. Mia moja, toa n mbili, mdomo kuelekea huku, ishirini na nne. Akaihamisha ile mia. Hasi mbili n ni kubwa kuliko hasi sabini na sita. Akagawanya kwa hasi mbili.

"N ni kubwa kuliko thelathini na nane," akasema.

"Na lazima igawanyike kwa tano," Senkondo akadakia. "Mbili na tatu ni tano. Mbegu zinakwenda kwa mafungu ya tano tano, hazikubali vinginevyo. Kwa hiyo arobaini. Au arobaini na tano. Au hamsini."

"Mfuko umejaa kadiri inavyowezekana. Ipi ni kubwa kuliko zote?"

Wakatazamana. Hamsini na tano. Sitini. Mia. Elfu. Hakuna kilichowazuia.

"Mfuko wetu hauna kitako," Senkondo akasema.

Msicheke, kwa sababu darasa zima mifuko yao haikuwa na kitako. Dawati la nyuma walichoka kufikiri, wakachagua arobaini kwa kuwa ndiyo ya kwanza, wakapeleka jibu lao mbele. Mama Mgonja akatazama, akasema, "Hapana." Dawati la mlangoni wakapeleka lile lile. "Hapana." La katikati nalo. "Hapana." Mwalimu Kilave akaanza kutembea kutoka ukutani hadi ukutani. Hakuelewa inakuwaje darasa zima liangukie shimo moja.

Nje, honi ikalia mara ya kwanza.

Namkunda akarudia hesabu. Akairudia tena. Kila mara alifika pale pale, na kila mara aliuchukia mkono wake. Alikuwa na hakika, na hakika yake haikumpeleka popote. Senkondo akasimama.

"Mwalimu, dawati letu lina watu watatu. Naomba nimwite wa tatu wetu."

"Yuko wapi?"

"Shambani kwao."

"Shambani kwao ni kule chini kijitoni! Utarudi saa ngapi?"

Lakini Senkondo alikwisha kupita dirishani. Alipokuwa akikimbia, hakuwa akikokotoa chochote, na alilijua hilo. Aliteremka matuta ya tangawizi kwa kuruka, akamkuta Nakijwa ameinama na jembe, akamwambia maneno machache: nafasi, swali, fungu lako. Nakijwa akamtazama mama yake. Mama akasema, "Nenda basi, unanitazama nini?" Nakijwa akaingia nyumbani kwao, kando ya shamba, akachukua fungu lake la kitabu, wakaupanda mlima ule wakihema.

Namkunda kwa wakati ule alikuwa hawezi tena kukaa. Alisimama, akakaa, akasimama. Alichungulia dirishani akaona ukungu mtupu. Akawaza, hawaji. Akawaza tena, na jambo hili nalisema jinsi lilivyokuwa, wasije basi, nipate mwenyewe. Kisha akaona haya kwa wazo lile, akakata kucha iliyokuwa imekwisha kukatwa.

Wakaingia. Nakijwa alikuwa na udongo hadi magotini na harufu ya tangawizi ikamtangulia. Hakuuliza habari za siku nyingi. Alisoma swali ubaoni, akasoma karatasi ya Namkunda.

"Nipe jibu lenu lolote."

"Arobaini," Namkunda akasema.

Nakijwa akalichukua arobaini akarudi nalo nyuma, kama kawaida yake. "Mara mbili ya arobaini ni themanini. Mia toa themanini, ishirini. Ishirini ni kubwa kuliko ishirini na nne?"

Senkondo akatikisa kichwa.

"Tuchukue dogo zaidi. Thelathini na tano. Mara mbili ni sabini. Mia toa sabini, thelathini. Thelathini ni kubwa kuliko ishirini na nne. Hilo linaingia. Namkunda, mdomo wako umeangalia nyuma."

"Haiwezekani! Nimefuata kitabu." Namkunda akafungua fungu lake, ukurasa wa mwisho kabisa, mstari wa chini kabisa. Akasoma kwa sauti: "Ukigawanya pande zote mbili kwa namba." Akapiga kidole. "Namba! Namba yoyote. Mimi nimegawanya."

Nakijwa akautazama mstari ule. Kisha akafungua fungu lake yeye, si nyuma kwenye majibu, bali mwanzo, karatasi ya kwanza iliyochakaa kwa kushikwa. Akasoma mstari wa juu: "Hasi, basi mdomo wa alama hugeuka upande wa pili."

Wakaziweka karatasi mbili pamoja. Sentensi ikawa moja.

Mmeona? Kisu cha Mwalimu Kilave kilipita karatasi moja kabla ya pale pake. Nusu ya sentensi kwa Namkunda, nusu kwa Nakijwa, na kila dawati vivyo hivyo, mwaka mzima. Namkunda alikuwa amewafundisha wenzake nusu ya kanuni, na kwa kuwa kitabu hakikuwa na zoezi la hasi, hakujua kwamba ni nusu.

Sasa wakaenda mbio. Mbegu zote ni pungufu ya thelathini na nane. Senkondo akasema, "Tano tano! Kwa hiyo thelathini na tano. Nyekundu kumi na nne, nyeupe ishirini na moja." Namkunda akaandika. Kumi na nne juu ya thelathini na tano, kuzidisha kwa kumi na nne juu ya thelathini na...

"Simama," Nakijwa akamshika mkono. "Ile ya kwanza iko pembeni, haijarudi mfukoni. Nyekundu zilizobaki ni kumi na tatu. Zote zilizobaki ni thelathini na nne."

Namkunda akafuta, akaandika, akazidisha, akafupisha. Akaipeleka karatasi mbele mwenyewe: kumi na tatu juu ya themanini na tano.

Mama Mgonja akavua miwani, akaivaa. "Ndiyo," akasema.

Wakapiga kelele, wakakumbatiana wote watatu, udongo wa Nakijwa ukawapaka wote. Furaha ile ilikuwa ya kweli, msije mkasema walikuwa wanafiki. Kisha Mama Mgonja akasema, "Haya, nani?" na mikono ikashuka.

Senkondo alisema kwanza. "Mama, mimi sikufanya hesabu nyingi, sitadanganya. Lakini bila tano tano zangu wangesema thelathini na saba, wakakosea. Na bila miguu yangu, huyu angekuwa bado anachimba tangawizi na huyu bado anakata kucha. Niliacha swali nikiwa na haki ya kukaa nalo. Wangeweza kulipata nikiwa huko chini, nikarudi mikono mitupu. Nilijua hivyo, nikaenda."

Namkunda akasema, na maneno yalimtoka upesi kuliko alivyotaka. "Mama, mimi ndiye niliyelifanya liwe hesabu. Kabla yangu lilikuwa hadithi ya mama na mfuko. Niliubeba mzigo huu tangu mwanzo mpaka mwisho, kalamu haikutoka mkononi mwangu. Nilikosea mahali pamoja, na kanuni ya mahali pale sikupewa yote. Anayepewa nusu ya kanuni akakosea nusu, kosa ni lake?"

Nakijwa akasema taratibu. "Mimi nilikuja mwisho. Lakini walikuwa na mfuko usio na kitako, nikauwekea kitako. Walitaka kurudisha mbegu iliyokwisha kutoka, nikawazuia. Kama nisingekuja, wangeambiwa 'hapana' kama wengine."

Basi Senkondo akamgeukia, kwa sababu mtu akiona kitu kinamponyoka huwa mkali. "Ulikuja ukakuta chakula kimeiva! Wewe uliyesema shule basi! Na karatasi ile ulikuwa nayo mwaka mzima. Mwaka mzima, Nakijwa! Darasa zima lilikuwa linafundishana makosa na wewe umekalia dawa. Sasa unataka tukushukuru kwa kuitoa leo?"

Darasa likanung'unika. Hata Mwalimu Kilave akamtazama. Nakijwa akafumbua midomo, kisha akamtazama Namkunda, akaifumba.

Na Namkunda akakumbuka.

Ilikuwa mwanzoni mwa mwaka, wiki ile ile vitabu vilipokatwa. Nakijwa alimjia mlangoni wakati wa kutoka, ameshika karatasi ile. "Namkunda, hii inaanzia katikati. Hasi, mdomo, hugeuka. Si ya fungu lako hii?" Na Namkunda, ambaye alikuwa na haraka, ambaye siku zote alikuwa na haraka, ambaye pia hakupenda kuulizwa juu ya fungu lake na mtu mwenye majibu, alimjibu bila hata kuitazama: "Wewe soma lako, la kwangu niachie mimi." Hakuna mwingine aliyesikia.

Sasa Nakijwa alikuwa amesimama mbele ya darasa, anashutumiwa kwa kukalia karatasi, na hasemi. Kwa nini hasemi? Namkunda alimtazama usoni akitafuta hasira, hakuiona. Joto likampanda masikioni. Miguu ilitaka kutoka nje, kushuka mlima, kwenda popote pale.

"Mwalimu," Mama Mgonja akasema, "darasa ni lako. Amua."

Mwalimu Kilave akasimama katikati ya kutembea kwake. "Mama, mimi siwezi. Kisu kilikuwa changu. Nikisema Namkunda hakukosea, najitetea mwenyewe. Nikisema alikosea, namtwika kosa langu." Akajipangusa uso. "Tupige kura. Vijiti vitatu, kimoja kifupi. Kila mmoja ana theluthi yake, hakuna atakayelalamika."

"Nimepanda mlima huu kutafuta mtu," Mama Mgonja akasema. "Ningetaka kijiti ningekivunja kule kule bondeni." Akamgeukia Namkunda. "Wewe. Umekosea mbele yetu sote, na umeona kosa lako likirekebishwa hatua kwa hatua. Hakuna humu anayejua vizuri kuliko wewe kila mmoja alitia nini katika jibu lile. Utaje jina moja. Hata likiwa lako, sitakuuliza kwa nini. Utakayemtaja ndiye atakayepanda."

Senkondo akasema, "Namkunda." Macho yake yalikuwa yanakimbia mlima ule upya.

Nakijwa aliinamisha kichwa. Alikuwa anajitoa udongo kwenye viganja.

Namkunda aliliona lile godoro la bweni. Aliviona vitabu vizima, kurasa zote mahali pake. Akaiona na cherehani. Jina lake lilikuwa limemjaa kinywani, na hakuna mtu duniani ambaye angemwita mwongo akilitamka. Alistahili. Alijua kwamba alistahili. Na alijua jambo lile la mlangoni, ambalo likinyamaziwa leo litanyamaziwa daima. Ukungu ulikuwa umejaa darasani na hakuna aliyeufukuza.

Nje, dereva akaliwasha gari. Akapiga honi mara ya pili.

Namkunda akafungua kinywa.

Mimi nanyamaza hapa, na nyinyi mmeyasikia yote. Yuko aliyeligeuza swali likawa hesabu, akakosea pale alipopewa nusu, na pale alipokataa nusu ya pili. Yuko aliyeacha kalamu akakimbia kumwita mwenzake, huku akijua anamwita mshindani. Yuko aliyefika mwisho akarekebisha kila kitu, baada ya kuishika karatasi mwaka mzima kwa kuwa aliambiwa mara moja tu anyamaze, naye akakubali upesi.

Gari linanguruma na Mama Mgonja ameushika mlango wazi. Haya, nambieni: nani apande? Na wewe, kama kinywa kile kingekuwa chako, ungetamka jina la nani?